Kusali na Kusalisha: Lugha ya Mjadala wa Dini katika Shule za Umma za Tanzania na Kenya

Ikisiri

Makala haya yanachunguza lugha inayotumika katika mjadala kuhusu udhihirisho wa dini katika shule za umma, hasa za Tanzania na Kenya. Hoja yake ni kwamba mjadala huo umeegemezwa mno kwenye nomino (dini, sare, usawa) ambazo hazisemi nani anamtendea nani nini, ilhali unyambulishaji wa vitenzi vya Kiswahili, hususan kauli ya kutendesha, hutenganisha mambo ambayo wabishani huyachanganya. Baadhi ya mashauri yaliyoamuliwa na mahakama za Kenya tangu mwaka 2012 yanatumiwa kama data. Mwishoni makala yanapendekeza istilahi moja kwa ajili ya dhana ambayo hadi sasa haijapata jina lililokubalika katika Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Katika taaluma ya Kiswahili, suala la dini shuleni huonekana kuwa mali ya majirani zetu wa kitivo cha sheria. Wanasheria nao wanalitazama kama suala la haki na mipaka ya haki, na hawana sababu kubwa ya kujiuliza maneno wanayoyatumia yametoka wapi na yamebeba nini. Hata hivyo, mzazi anayekwenda kwa mwalimu mkuu kulalamika kwamba binti yake amerudishwa nyumbani kwa sababu ya ushungi hazungumzi lugha ya vifungu. Anazungumza Kiswahili, na mwalimu mkuu anamjibu kwa Kiswahili. Mara nyingi wote wawili wanaondoka hapo wakiwa wametumia maneno yaleyale kwa maana mbili tofauti.

Kwa 'shule za umma' tunakusudia shule zinazoendeshwa kwa fedha za serikali, zikiwamo zile za Kenya ambazo zina wadhamini wa kidini. Seminari na shule za binafsi zimo nje ya makala haya, kwa kuwa anayeingia huko anajua anaingia kwa nani.

2.0 Kusoma, chuo na shule

Si rahisi kutenganisha elimu na dini katika lugha ambayo kitenzi chake cha elimu kilikuwa, na kwa kiasi kikubwa bado ni, kitenzi cha ibada. Katika pwani mtu husoma Kurani, husoma maulidi, husoma dua, maiti husomewa, na mtoto alipopelekwa 'chuoni' hapakuwa na haja ya kuuliza anakwenda kusoma nini. Katika bara, misheni zilileta matumizi yanayolingana na hayo kwa njia yake. Nchini Buganda na katika nchi ya Wakikuyu, waongofu wa kwanza waliitwa kwa jina lenye maana ya wasomaji (abasomi, athomi). Aliyesoma alikuwa amebatizwa, au alikuwa njiani kubatizwa.

Jina la jengo lenyewe linasimulia jambo. 'Chuo' cha kale kilikuwa cha mwalimu wa Kurani. 'Shule' ni neno la Wajerumani, na 'skuli' ya Zanzibar na ya pwani ya Kenya ni ya Waingereza. Wajerumani walipofungua shule ya serikali mjini Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1890, walihitaji makarani na walijua kwamba wazazi wa Kiislamu wasingewapeleka watoto wao kwa wamisionari. Shule isiyokuwa ya misheni ilikuwa, basi, hila ya utawala kabla haijawa kanuni ya siasa. Zanzibar mambo yalikwenda kinyume lakini kwa sababu ileile: serikali ya kikoloni iliingiza mafunzo ya Kurani katika shule zake ili wazazi wakubali kuwatoa watoto. Mahali pamoja dini ilitolewa ili watoto waje. Mahali pengine iliingizwa ili watoto waje.

Baada ya uhuru nchi mbili zilifuata njia mbili. Tanzania, kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, ilizitaifisha shule zilizokuwa zikipata ruzuku, nyingi zikiwa za misheni. Kenya, kwa sheria yake ya mwaka 1968, haikuwaondoa wamisionari kabisa. Iliwabadilisha kutoka wasimamizi kuwa wadhamini. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imeendeleza cheo hicho. Mdhamini ana sauti katika malezi ya kiroho ya shule, lakini sheria hiyohiyo inamtaka kulinda imani za wasiokuwa wa dhehebu lake. Mashauri mengi ya Kenya yamezaliwa katika mvutano wa majukumu hayo mawili.

3.0 'Haina dini'

Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, katika ibara ya 3, inaitaja nchi kuwa 'isiyokuwa na dini'. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 8, inatamka kwamba hakutakuwa na dini ya dola. Mtu asiye mwangalifu atadhani kauli hizi ni moja. Ya Kenya inakanusha uhusiano maalumu kati ya dola na dini fulani. Ya Tanzania inakanusha kumiliki: nchi, kama mtu, haina.

Tofauti hiyo si ya kisarufi tu. Katika Kiswahili cha kila siku, kumwambia mtu kwamba hana dini ni kumtukana. Asiye na dini ni asiye na haya, asiyejali mkubwa wala mdogo, anayeweza kula mali ya yatima. Usemi uliozoeleka Tanzania, kwamba serikali haina dini lakini watu wake wanazo, umefanya kazi kubwa ya kisiasa, na si haba kwamba umeaminika kwa miongo mingi katika nchi yenye Waislamu na Wakristo kwa mamilioni. Lakini sikio la muumini husikia ndani yake mwangwi wa lile tusi. Ndiyo maana kila mara mjadala unapopamba moto hutokea mtu wa kusema kwamba serikali isiyo na dini ni serikali isiyo na maadili, na mwingine akamjibu kwa ibara ya katiba, na hakuna anayegundua kwamba kinachobishaniwa ni neno 'haina'.

Majaribio ya kupata neno lingine hayajafanikiwa sana. '-a kidunia' na '-a kilimwengu' yana doa kwa muumini, kwa sababu dunia kwake ni mpito na ulimwengu ni anasa. Mtu 'mlimwengu' si mtu wa kusifiwa. Jozi ya 'elimu dunia' na 'elimu ahera', inayosikika sana pwani, ina uadilifu zaidi, maana haimtukani yeyote, ila inagawa elimu na haigawi mamlaka.

Zaidi ya hayo, kauli 'serikali haina dini' haijibu swali linaloulizwa shuleni. Inatuambia serikali imekosa nini. Haituambii mwalimu afanye nini mbele ya mwanafunzi ambaye hakukosa. Watu wawili wanaweza kuikubali kauli hiyo kwa moyo mmoja, mmoja akahitimisha kwamba kwa hiyo mwanafunzi avue ushungi, na mwingine kwamba kwa hiyo mwalimu hana mamlaka ya kumvua. Mimi naona wa pili ana hoja yenye nguvu zaidi, lakini hakuipata katika kauli hiyo. Ameipata mahali pengine: katika ibara ya 19 ya katiba ya Tanzania, ambayo inaifanya ibada kuwa jambo la hiari ya mtu, na katika kifungu cha 32 cha katiba ya Kenya, kinachompa kila mtu haki ya kuidhihirisha imani yake, akiwa peke yake au pamoja na wengine, faraghani au hadharani, na kinachokataza mtu kunyimwa nafasi katika taasisi yoyote kwa sababu ya imani.

4.0 Kusali na kusalisha

Tukihama kutoka nomino kwenda vitenzi, giza linapungua. Kiswahili kina njia nyepesi ya kuonyesha kwamba mtendaji hakutenda peke yake bali ametendeshwa: -soma huzaa -somesha, -la huzaa -lisha, -kaa huzaa -kalisha, -sali huzaa -salisha. Mwanafunzi aliyeinamisha kichwa kabla ya kula, au aliyejitenga adhuhuri kwenda kuswali, anasali. Shule inayowapanga wanafunzi mstarini asubuhi na kuwasomea sala inasalisha. Vitendo hivi viwili hukaa ndani ya nomino moja, 'sala shuleni', na ubishi mwingi kuhusu sala shuleni ni ubishi wa watu wanaozungumzia vitenzi viwili.

Lakini hatuna budi kuwa waangalifu, kwa kuwa kauli ya kutendesha si ya namna moja. Ina angalau maana tatu. Kuna kushurutisha: askari akiwakimbiza watu, hakuna aliyependa kukimbia. Kuna kuwezesha: mzazi anayemsomesha mtoto huenda hajui hata herufi, kazi yake ni kulipa ada. Na kuna kuongoza: mwalimu wa kwaya anaimbisha, imamu anasalisha. Anayesema kwamba shule 'inasalisha' hajasema bado kama inashurutisha, inawezesha au inaongoza. Msikitini hakuna shaka, maana waliosimama nyuma ya imamu wamekuja kwa miguu yao, na wamekuja kwa ajili hiyo. Mstarini shuleni mwanafunzi amekuja kwa ajili ya kuitwa jina. Hawezi kuondoka bila kuonekana, na akionekana atakuwa na maswali ya kujibu, kwa mwalimu au, jambo ambalo kwa mtoto wa miaka kumi na mitatu ni zito zaidi, kwa wenzake. Katika mazingira hayo kuongoza hugeuka kushurutisha pasipo mtu yeyote kukusudia, na mwalimu anaweza kuapa kwa dhati kwamba hakumlazimisha mtu.

Mahakama Kuu ya Marekani ililifikia jambo hili mwaka 1962 katika shauri la Engel dhidi ya Vitale. Sala iliyobishaniwa ilikuwa fupi, imetungwa na bodi ya elimu ya jimbo la New York, haikutaja dhehebu lolote, na mwanafunzi asiyetaka aliweza kukaa kimya au kutoka nje. Mahakama iliikataa hata hivyo, kwa kuwa kutunga sala si kazi ya serikali. Mwaka uliofuata usomaji wa Biblia uliopangwa na shule ulikataliwa pia. Kilichosahaulika mara nyingi na wanaolaumu au kusifu maamuzi hayo ni kwamba hayakumkataza mwanafunzi kusali. Mwaka 1969, katika shauri la Tinker lililohusu vitambaa vyeusi vya kupinga vita vya Vietnam, mahakama hiyohiyo ilisema kwamba mwanafunzi haachi uhuru wake langoni mwa shule. Kwa lugha yetu, kusalisha kulizuiwa na kusali kukabaki.

Ugumu unabaki katika mpaka kati ya vitenzi hivyo viwili, na hapo sarufi haitoi hukumu. Shauri la Kennedy dhidi ya Wilaya ya Shule ya Bremerton, lililoamuliwa mwaka 2022, lilimhusu kocha aliyepiga magoti katikati ya uwanja baada ya mechi. Majaji sita walimwona mtu anayesali. Majaji watatu waliopinga walimwona kocha ambaye wachezaji walikuwa wamezoea kumzunguka, yaani mtu anayesalisha. Tofauti hiyo haikutokana na nadharia mbili za dini. Ilitokana na jinsi kila upande ulivyosoma uwanja: nani amesimama wapi, nani ana uwezo wa kumpanga nani katika mechi ijayo.

Ufaransa ilikata njia nyingine. Sheria ya mwezi Machi 2004 inawakataza wanafunzi wa shule za umma kuvaa alama zinazodhihirisha dini waziwazi, na mwaka 2023 katazo hilo lilipanuliwa kwa amri ya wizara hadi kwenye abaya. Hapo kinachokatazwa si shule kuvisha bali mwanafunzi kuvaa. Hoja ya watetezi wa sheria hiyo ni kwamba msichana haonekani kuvaa kwa hiari yake, amevishwa na ndugu zake. Hoja hiyo inastahili kusikilizwa, kwani wapo wanaovishwa. Lakini inampokonya mwenye kitenzi kitenzi chake bila kumuuliza, na dawa yake ni kumvua, jambo ambalo nalo ni la kutendewa.

5.0 Sare na usawa

Jozi ya -vaa na -visha inatuleta Isiolo, ambako shauri lenye uzito kuliko yote katika eneo letu lilianzia. Mwezi Juni 2014, katika sherehe ya shule ya sekondari ya kutwa ya St. Paul's Kiwanjani, naibu gavana wa kaunti aliomba wasichana wa Kiislamu waruhusiwe kuvaa hijabu na suruali nyeupe pamoja na sare yao. Kanisa la Kimethodisti, likiwa mdhamini wa shule, lilikwenda mahakamani kupinga. Mzazi mmoja alijiunga na shauri akiwa mhusika mwenye maslahi na kuwasilisha madai yake mwenyewe ya kutetea vazi hilo. Mwezi Machi 2015 Mahakama Kuu iliyokaa Meru ililipa kanisa ushindi. Mwezi Septemba 2016 Mahakama ya Rufani iliugeuza uamuzi huo, ikataka kanuni za shule zirekebishwe ili wasichana hao wapate nafasi ya kuvaa hijabu na suruali. Mwezi Januari 2019 Mahakama ya Juu, kwa wingi wa kura, ilitengua uamuzi wa rufani kwa sababu ya utaratibu: mhusika mwenye maslahi hakuwa na njia ya kuingiza madai mapya katika shauri la wengine. Jaji Ojwang alipinga. Kiini cha jambo, yaani kama binti avae au asivae, hakikuamuliwa na mahakama hiyo. Miaka mitano ya mashauri ikaishia kwenye mlango wa utaratibu, na wasichana walioanza nayo walikuwa wamekwisha kumaliza shule.

Tuangalie hoja ya Mahakama Kuu, ambayo ilifanana na ile iliyotolewa mwaka 2012 katika shauri la shule moja ya kitaifa ya wasichana jijini Nairobi. Kwa ufupi ni kwamba sare huondoa tofauti, kwamba kuruhusu kundi moja kuongeza kitu juu ya sare ni kulipendelea, na kwamba usawa unataka wote wavae namna moja. Hukumu ziliandikwa kwa Kiingereza, lakini ukiieleza hoja hii kwa Kiswahili inapata nguvu ambayo haikuwa nayo mwanzoni. Sababu ni maneno mawili.

La kwanza ni 'sare' lenyewe. Kwa msemaji wa Kiswahili sare ni nguo za namna moja, na ni matokeo ya mchezo ambao hakuna aliyemshinda mwenziwe. Anayetoka nje ya sare, basi, si kwamba amevaa tofauti tu; ni kana kwamba amefunga bao. La pili ni 'sawa'. Neno hili lina maana ya kulingana, na lina maana ya kuwa vyema: 'ni sawa' ni kibali. Anayesema 'wote wavae sawa' anasikika kama amekwisha kusema 'na hilo ndilo jema'. Hoja imehitimishwa ndani ya kivumishi kabla ya kuanza.

Katika harusi za pwani wanawake huvaa kanga za sare. Hakuna anayewalazimisha, ni namna ya kusema kwamba wao ni wamoja na bibi harusi. Sare hiyo ni ya kuvaa. Sare ya shule ni ya kuvishwa, na hatusemi hivyo kwa kuilaumu. Ina faida ambazo kila mzazi maskini anazijua, kwani mtoto wake hasimami karibu na mtoto wa tajiri akaonekana. Ila tusichanganye. Umoja wa kanga ulitoka ndani ya wavaaji, na umoja wa sare ya shule umewekwa juu yao, na kwa hiyo ni halali kumuuliza aliyeuweka kwa nini ameuweka katika umbo hili na si lile.

Mahakama ya Rufani iliuliza swali hilo. Iliona kwamba kanuni inaweza kuwa moja kwa wote katika maandishi na isiwe moja katika uzito. Kanuni ya kutofunika kichwa haimgharimu kitu msichana ambaye hakuwa na nia ya kukifunika. Mwingine inamgharimu ama dini yake ama masomo yake. Huu ndio ubaguzi wa kuzunguka: hakuna aliyetajwa kwa jina la kundi lake, na hata hivyo ni kundi moja tu linalorudishwa nyumbani. Kwa maoni yetu uchambuzi huu ndio ulio sahihi, na haukuangushwa na hoja ya Mahakama ya Juu, ambayo haikuugusa. Isitoshe, kifungu cha 27 cha katiba ya Kenya kinataja mavazi miongoni mwa misingi ambayo mtu hatabaguliwa kwayo, sambamba na dini.

Maamuzi mengine yameelekea huko. Mwezi Machi 2017 Mahakama ya Rufani iliwapa haki wanafunzi Wasabato, ambao ratiba ya Jumamosi haikuwataja lakini iliwaangukia. Mwezi Septemba 2019 Mahakama Kuu iliamua kwamba Urastafari ni dini kwa maana ya katiba, na kwamba msichana aliyezuiwa kuingia darasani katika shule moja ya sekondari jijini Nairobi kwa sababu ya rasta zake arudi masomoni na nywele zake.

Upande wa Tanzania Bara hijabu katika shule za serikali imekuwa jambo la kawaida, na Zanzibar, ambako karibu wanafunzi wote ni Waislamu, msichana wa skuli aliyejifunika ni picha ya kila asubuhi. Suluhisho lililotumika ni jepesi: hijabu imepewa rangi, ikaingizwa ndani ya sare. Ubishi ukatulia. Lakini kitenzi kimebadilika kimyakimya. Kitu kikishaingia katika sare huanza kuvishwa, na binti ambaye nyumbani kwao hakuwa akijifunika, au ambaye jina lake ni la Kiislamu na moyo wake haujaamua, anaweza kuulizwa na mwalimu yuko wapi mtandio wake. Swali hilo likiulizwa na mzazi ni la malezi. Likiulizwa na mwalimu wa serikali ni kusalisha kwa njia ya kitambaa. Anayetetea haki ya kuvaa hana budi kuitetea na haki ya kutovaa kwa sauti ileile, na katika mijadala niliyoifuatilia sauti hiyo ya pili huwa hafifu.

Jambo moja zaidi kabla hatujaondoka hapa. Katika mijadala ya Kiswahili swali linaloulizwa mara nyingi ni kama vazi fulani ni faradhi au ni sunna, kana kwamba likiwa sunna mwalimu ana ruhusa ya kulikataza. Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini, katika shauri la Pillay la mwaka 2007, lililohusu msichana wa Durban mwenye asili ya Kitamil na kipini chake cha puani, ilikataa njia hiyo. Ilisema kwamba desturi ya hiari nayo hulindwa, maana mtu hujieleza kwa anachokichagua sawa na kwa anacholazimika nacho. Huo ni msimamo wa busara kwa shule zetu pia. Mwalimu mkuu anayeanza kupima faradhi na sunna amejifanya mufti, na kwa serikali iliyosema haina dini hakuna kazi iliyo mbali zaidi na hiyo.

6.0 Istilahi inayokosekana

Dhana iliyotumiwa na mahakama za Afrika Kusini na Kenya, ya taasisi kulegeza kanuni yake kwa kiasi kinachofaa ili mtu asilazimike kuchagua kati ya imani na huduma, haina jina thabiti katika Kiswahili. Neno la Kiingereza linalotumika lina maana nyingine ya mahali pa kulala, na mfasiri wa haraka anaweza kutuletea 'malazi ya busara'. Hili si la mzaha tu. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya mahakama nchini Tanzania, na jaji atakayeletewa shauri kama la Isiolo atalazimika kuliandika.

Maneno yaliyopo yana kasoro. 'Uvumilivu' humfanya mwanafunzi kuwa kero inayovumiliwa. 'Msamaha' hudokeza kwamba kuna kosa au deni. 'Ruhusa maalumu' huirudisha haki mikononi mwa mtoaji, ambaye leo anatoa na kesho anaghairi. 'Upendeleo' ndilo neno la upande wa pili, na kulitumia ni kukubali kushindwa.

Tunapendekeza kitenzi 'kupisha'. Katika vichochoro vya Mji Mkongwe au vya Lamu watu wawili wakikutana, mmoja hujibana ukutani ili mwenziwe apite, na kwa kawaida anayepishwa ni mwenye mzigo. Hakuna aliyehama njia, na hakuna aliyesamehewa. Aliyepisha hakupoteza kitu isipokuwa nusu dakika, na kesho akiwa yeye mwenye mzigo atapishwa. Kitenzi hiki pia kina mpaka ndani yake: mtu hupisha kwa kadiri kichochoro kinavyoruhusu, na hatakiwi kutumbukia mtaroni. Shule inaweza kumpisha mwanafunzi Msabato kwa kuhamisha jaribio la Jumamosi. Haiwezi kupewa jukumu la kufuta Jumamosi kwa wote. Inaweza kumpisha mwenye hijabu. Inaweza, bila ya kumwonea, kumtaka mwenye nikabu amwonyeshe uso mwalimu wa kike kabla ya mtihani ili ajulikane ni yeye.

Kimofolojia 'pisha' ni kauli ya kutendesha ya 'pita', yenye badiliko la sauti la kawaida. Ni kutendesha kwa maana ya kuwezesha. Nomino yake inaleta tatizo dogo, kwa sababu 'upishi' imekwisha kuchukuliwa na jikoni na 'upishano' ina maana ya kutofautiana. 'Upishaji' haijachukuliwa, na kwa matumizi ya kisheria 'upishaji stahiki' ingetosha. Sikio litaikataa mwanzoni, kama lilivyokataa istilahi nyingi ambazo leo tunazitumia bila kufikiri.

7.0 Aliyebaki nje

Mifano yote iliyotangulia inawahusu watoto wenye dini inayotambulikana. Nchini Kenya somo la dini lina mikondo mitatu, wa Kikristo, wa Kiislamu na wa Kihindu. Nchini Tanzania, kipindi cha dini kikifika, darasa hugawanyika, Waislamu huku na Wakristo kule, na Wakristo nao huweza kugawanyika tena kwa madhehebu. Mtoto anayefuata dini ya mababu zake, au ambaye wazazi wake hawana dini yoyote, hana chumba cha kwenda. Neno alilowekewa na lugha ni 'mpagani', ambalo wamisionari walilileta kwa dharau na ambalo halijasafishwa, au 'hana dini', ambalo tumekwisha kuliona lilivyo. Kanuni ya kupisha ingemfaa na yeye, lakini kupisha kunadai kwamba mtu aonekane anakuja, na huyu ana kila sababu ya kutoonekana. Wengi huandikishwa katika dini ya rafiki wanayekaa naye dawati moja.

Utafiti wa uwandani unahitajika hapa, hasa kuhusu maneno ambayo watoto wenyewe huyatumia wanapojibu swali la dini wakati wa kuandikishwa. Fomu nyingi zina mstari wa 'Dini' na nafasi ya neno moja. Mtoto akijaza 'hana', mwalimu humrudishia fomu akaulize nyumbani.